Kutoka "Maji Yanakuja" hadi "Maji Yalikuja": Shughuli za Ubunifu katika Tiba ya Watoto Waliofikwa na Misiba, Kyela na Mwambao wa Kaskazini wa Ziwa Nyasa

Ikisiri

Makala haya yanachunguza nafasi ya uchoraji, ufinyanzi, uigizaji, ngoma na usimulizi katika tiba ya watoto waliofiwa au waliopatwa na maafa. Hoja yetu kuu ni kwamba shughuli hizi hazisaidii kwa sababu tu zinamfurahisha mtoto, wala kwa sababu zinamfichulia mtu mzima siri za moyo wa mtoto. Zinasaidia kwa kuwa zinampa mtoto njia ya kulipanga tukio katika wakati na mahali, mbele ya msikilizaji, hata lile linaloendelea kutukia ndani yake lipate kuwa jambo lililotukia na kupita. Kwa kuwa kazi hiyo kwa kiasi kikubwa ni kazi ya lugha na usimulizi, inawahusu wanaisimu na wanafasihi kama inavyowahusu matabibu.

1.0 Utangulizi

Mtoto aliyefiwa mara nyingi hunyamazishwa mara mbili. Mara ya kwanza ni siku ya msiba wenyewe. Huambiwa kwamba mama amesafiri, au kwamba amelala, kisha hupelekwa kwa jirani akacheze na wenzake. Nia ni njema, kwani mtu mzima anataka kumkinga. Lakini mtoto aliyeambiwa kwamba mama amesafiri huanza kuitazama njia, na aliyeambiwa kwamba mama amelala huweza kuogopa usingizi. Mara ya pili huja baadaye, huzuni inapojitokeza kwa sura ambayo wakubwa hawaitambui kuwa ni huzuni: utoro, kupigana, kukojoa kitandani, kusinzia darasani, au utulivu uliopita kiasi ambao wengi huusifu kuwa ni adabu. Hapo huambiwa aache utundu, na pengine huchapwa.

Lugha yenyewe huchangia ukimya huo. Istilahi "afya ya akili" imekwisha kuzoeleka katika maandishi rasmi. Tanzania ina hata Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008. Hata hivyo, katika mazungumzo ya kila siku neno "akili" lina mikondo miwili ambayo yote humwogopesha mzazi. Mtoto mwenye akili ni yule anayefaulu mitihani, na mgonjwa wa akili ni kichaa. Mzazi akiambiwa kwamba mwanawe anahitaji msaada wa afya ya akili, husikia tuhuma. Lakini Kiswahili hakikosi maneno ya hali hizi. Husemwa kwamba mtu "ana mawazo", kwamba "moyo umejaa", kwamba "roho inamuuma". Semi hizi huyaweka maumivu mahali pake bila kumtia mtu aibu. Mshauri anayezianzia hizo hufika mbali zaidi kuliko anayeanzia istilahi.

Makala haya yamegawanyika katika sehemu kuu tano. Baada ya utangulizi tutaeleza mazingira ya Kyela na urithi wake wa kuomboleza. Kisha tutapitia kwa ufupi misingi ya tiba ya ubunifu na jinsi ilivyojaribiwa katika Afrika Mashariki na nchi jirani. Sehemu ya nne inaijenga hoja yetu ya kiisimu, na ya tano inajadili nyenzo, mipaka na hatari.

2.0 Kyela: Mazingira na Urithi wa Kuomboleza

2.1 Mazingira

Wilaya ya Kyela iko katika ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, mkoani Mbeya. Upande wa mashariki inasimama Milima ya Livingstone. Upande wa magharibi Mto Songwe umekuwa mpaka na Malawi. Mito Kiwira, Mbaka na Lufilyo huteremka kutoka nyanda za juu za Rungwe na kuingia ziwani kupitia uwanda huu ulio tambarare. Rutuba iletwayo na mito hiyo ndiyo iliyoupa mchele wa Kyela sifa yake na kuistawisha migomba na kakao. Lakini mito hiyo hiyo, mvua za masika zinapozidi, hufurika na kuingia mashambani na majumbani. Kwa mtoto wa uwanda huu maji ni chakula, njia, mchezo na hofu.

Kuna msiba mwingine uliopita hapa bila kelele. Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya UKIMWI na malaria wa mwaka 2011–12 ulionyesha kwamba asilimia 9.0 ya watu wenye umri wa miaka 15 hadi 49 katika Mkoa wa Mbeya, ambao wakati huo ulijumuisha pia eneo ambalo mwaka 2016 lilikuwa Mkoa wa Songwe, walikuwa na virusi vya UKIMWI, ilhali wastani wa Tanzania Bara na Visiwani ulikuwa asilimia 5.1. Dawa za kufubaza virusi, ambazo serikali ilianza kuzitoa bure mwaka 2004, zimewaokoa wazazi wengi. Hata hivyo, kabla ya hapo na hata baada yake, watoto wengi walilelewa na bibi zao, wakiwa wamekwisha kuuguza kabla ya kufiwa. Kuuguza ni kazi ya mtu mzima. Mtoto aliyeifanya hubeba mambo ambayo hakuna aliyemuuliza.

2.2 Ngoma ya msiba na wazimu wa kuigiza

Ni kosa kudhani kwamba tiba kwa njia ya sanaa ni jambo geni mwambaoni hapa. Godfrey Wilson na mkewe Monica Wilson waliishi miongoni mwa Wanyakyusa katika miaka ya 1930, na maandishi yao kuhusu mazishi ni miongoni mwa maelezo ya kina zaidi tuliyo nayo juu ya maombolezo katika Afrika Mashariki. Katika makala yake ya mwaka 1939, Godfrey Wilson anaeleza jinsi wanawake walivyolia kwa pamoja na jinsi wanaume walivyocheza ngoma wakiwa na mikuki. Wenyeji waliozungumza naye waliifananisha hali ya mfiwa na vita vilivyo moyoni, na ngoma ndiyo iliyovipa vita hivyo pa kutokea. Polepole hali ya uwanja ilibadilika. Kilio kilipungua, mchezo ukazidi, na hatimaye vijana walicheka na kutongozana palepale walipokuwa wamelia. Mgeni angeona utovu wa heshima. Wilson aliona mpango maalumu wa kumtoa mtu katika huzuni na kumrudisha katika uhai.

Monica Wilson, katika kitabu chake cha mwaka 1957 kuhusu ibada za ukoo, anakwenda mbali zaidi. Anaonyesha kwamba ibada za kifo zilikusudiwa, pamoja na mambo mengine, kumwondoa marehemu katika ndoto na fikra za wafiwa. Katika baadhi ya ibada hizo wafiwa waliigiza wazimu, kwa imani kwamba asiyeuigiza angeweza kupatwa na wazimu wa kweli. Hapa tuna nadharia kamili ya tiba ya maigizo, iliyotungwa na wenyeji: jambo la kutisha hufanywa kwa makusudi, kwa kipimo, mbele ya watu, ndani ya muda uliowekwa, kisha hukomeshwa.

Urithi huo umebadilika sana kwa athari za makanisa, shule na mabadiliko ya uchumi, nasi hatupendekezi urejeshwe. Tunaurejelea kwa sababu mbili. Kwanza, unaonyesha kwamba wazo la kuutumia mwili na mchezo kumponya mfiwa halihitaji kutetewa mbele ya wazee wa Kyela. Pili, unaliweka wazi pengo. Ngoma ya mazishi ilikuwa ya wenye nguvu za kuicheza. Mtoto wa miaka sita hana mkuki. Yeye huhitaji ngoma ya kimo chake.

2.3 Ukwangala

Jambo la tatu katika urithi huu ni kundi la rika. Monica Wilson katika kitabu chake cha mwaka 1951 alieleza desturi ya wavulana, wakiwa na umri wa miaka kumi au kumi na mmoja hivi, kuanza kujijengea vibanda vyao pembeni mwa kijiji cha baba zao, ambavyo hatimaye vilikua na kuwa kijiji cha rika. Thamani kuu ya maisha hayo iliitwa kwa Kinyakyusa ukwangala, yaani kufurahia ushirika wa wenzako, kuzungumza nao na kula nao. Desturi ya vijiji vya rika imekwisha, na wala haikuwahusu wasichana kwa namna ileile. Lakini fikra ya kwamba mtu hukamilika akiwa na wenzake inatupa msingi wa kuchagua tiba ya kikundi mahali ambapo wataalamu ni wachache na watoto wenye haja ni wengi.

3.0 Misingi ya Tiba ya Ubunifu na Majaribio Yake

Katika nchi za Magharibi tiba ya watoto kwa njia ya mchezo ilianza kujengwa katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Margaret Lowenfeld, daktari wa London, mwishoni mwa miaka ya 1920 aliwapa watoto sinia la mchanga na vinyago vidogo vya watu, wanyama na nyumba, akawaachia waujenge ulimwengu wao. Virginia Axline wa Marekani, katika kitabu chake cha mwaka 1947, alisisitiza kwamba mtoto ndiye anayeongoza na mtu mzima anamfuata. Adrian Hill, msanii Mwingereza aliyeugua kifua kikuu, ndiye anayetajwa kuwa mwanzilishi wa istilahi ya tiba ya sanaa mwaka 1942, baada ya kuona jinsi uchoraji ulivyomsaidia yeye na wagonjwa wenzake. Wote watatu wanakubaliana katika jambo moja: mtoto huweza kuonyesha kwa mikono yale ambayo hana maneno ya kuyasema.

Katika Afrika, uhusiano wa ngoma na uganga umechunguzwa kwa kina na John Janzen, ambaye kitabu chake cha mwaka 1992 kinatumia pia data kutoka Dar es Salaam. Kusini ya mpaka, kaskazini mwa Malawi, ngoma ya uganga ya Vimbuza miongoni mwa Watumbuka iliingizwa mwaka 2008 katika orodha ya UNESCO ya urithi usioshikika. Ngoma hizi kwa kawaida ni za watu wazima. Kwa watoto, majaribio yanayotufaa zaidi yalitokana na janga la UKIMWI na vita.

La kwanza ni la Kagera, mkoa ambako wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mwaka 1983. Mwaka 1997 mradi wa Humuliza ulianzishwa Nshamba, wilayani Muleba, kwa lengo la kuwawezesha walimu na walezi kuwasaidia kihisia watoto waliofiwa. Jina lenyewe ni la Kihaya na lina maana ya kufariji. Umuhimu wa mradi huu ni kwamba ulimweka mwalimu wa kawaida, badala ya daktari bingwa, kuwa mtu wa kwanza wa kumsikiliza mtoto. Mwaka 2000 watoto na vijana wenyewe walianza chama chao cha Vijana Simama Imara.

La pili ni vitabu vya kumbukumbu vilivyoenezwa Uganda mwishoni mwa miaka ya 1990 na chama cha wanawake wanaoishi na virusi vya UKIMWI, NACWOLA. Mzazi mgonjwa, akiwa na mtoto wake, aliandika na kubandika picha: mtoto alizaliwa wapi, babu zake ni nani, alipenda kula nini alipokuwa mdogo. Kitabu hicho kilikuwa urithi, lakini kilikuwa pia nafasi ya mzazi kumwambia mtoto ukweli kabla ya kifo.

La tatu ni Mti wa Uhai, mbinu iliyobuniwa katikati ya muongo wa kwanza wa karne hii na Ncazelo Ncube wa Zimbabwe akishirikiana na David Denborough wa Australia. Mtoto huchora mti. Mizizi ni asili yake, shina ni uwezo wake, matawi ni matumaini yake, majani ni watu anaowathamini, na matunda ni yale aliyopewa na wengine. Miti ya kikundi kizima hubandikwa pamoja ikawa msitu, na hapo tu ndipo hujadiliwa dhoruba zinazoipiga miti na jinsi miti inavyosimama. Mpangilio huu una hekima: mtoto haulizwi juu ya dhoruba kabla hajawa na mizizi.

La nne ni tiba ya usimulizi kwa watoto iliyojaribiwa katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, kwa watoto wa Kisomali, na kutolewa taarifa mwaka 2005. Mtoto hutandika kamba sakafuni iwe maisha yake tangu kuzaliwa. Huweka ua mahali pa jambo jema na jiwe mahali pa jambo baya, kisha husimulia kwa mfuatano, huku mshauri akiandika.

Inafaa tuongeze ushahidi wa kiwango kikubwa zaidi. Utafiti uliofanywa Moshi, Tanzania, na Bungoma, Kenya, uliwahusisha watoto 640 waliofiwa na mzazi mmoja au wote wawili, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2020. Washauri hawakuwa wataalamu wa afya ya akili, bali watu wa kawaida waliofunzwa, na kiini cha tiba kilikuwa kumwezesha mtoto kuisimulia habari ya kifo. Tiba hiyo ilileta nafuu kuliko huduma za kawaida katika baadhi ya maeneo, lakini si katika yote. Na baada ya mwaka mmoja tofauti ilidumu upande wa Kenya, ilhali upande wa Tanzania vikundi viwili vilikuwa vimekaribiana. Fundisho ni kwamba mtu asiye daktari anaweza kuifanya kazi hii, ila mbinu ileile haizai matunda yaleyale kila mahali. Mazingira ya mtoto, na kwa maoni yetu lugha yake pia, ni sehemu ya tiba.

4.0 Njeo, Nafsi na Kiwewe

4.1 Kutoka -na- hadi -li- na -ka-

Waasisi wa tiba ya usimulizi iliyotajwa hapo juu wanaeleza kwamba kumbukumbu ya kiwewe ina kasoro maalumu. Sauti, harufu, hofu na mapigo ya moyo huhifadhiwa kwa nguvu, lakini wakati na mahali pa tukio havishikamani navyo barabara. Kwa hiyo kichocheo kidogo huyarudisha yote kana kwamba yanatukia sasa. Kazi ya tiba ni kuirudishia kumbukumbu wakati wake na mahali pake.

Msomaji wa Kiswahili ataona mara moja kwamba hili ni suala la njeo. Tuchukue mfano wa kubuni wa msichana wa miaka tisa katika kijiji kimoja kando ya Mto Mbaka, ambaye nyumba yao iliingiliwa na mafuriko usiku na ambaye tangu hapo hupiga kelele mvua inapoanza. Akiulizwa kuna nini husema, "Maji yanakuja." Kiambishi -na- hapa si kosa la sarufi wala si uongo. Kwake yeye maji yanakuja kweli. Kumwambia "hakuna maji" ni kumpinga katika jambo analolishuhudia.

Sasa tuseme mshauri ampe kamba, mawe na maua, naye akaweka jiwe kubwa mahali pa masika yale. Aulizwe: kabla ya jiwe kulikuwa na nini? Tulikula, tukalala. Na kisha? Maji yaliingia, tukapanda kitandani, baba akavunja dirisha, jirani akanibeba mgongoni. Baada ya jiwe? Tulilala kwa bibi, akatupikia uji. Kiambishi -li- kimelifunga tukio katika wakati uliopita, na -ka- kimeyaunganisha matendo yake moja baada ya jingine mpaka kufika kwenye uji wa bibi. Yafaa ikumbukwe kwamba -ka- ya masimulizi kwa kawaida huegemea kitenzi kilichotangulia. Haisimami peke yake. Kila -ka- ni ahadi kwamba kuna lililotangulia na huenda kuna litakalofuata. Mtoto aliyekwama katika "yanakuja" hana litakalofuata. Aliyefika "akatupikia uji" amevuka.

Hatudai kwamba kumfundisha mtoto njeo kunamponya. Mtoto huyu anazijua njeo zote na huzitumia vizuri darasani. Tunachodai ni kwamba njeo anazozichagua mwenyewe ni dalili ambayo mshauri anaweza kuisikiliza, na kwamba kamba, jiwe na ua ni vifaa vinavyomsaidia mtoto kufika mahali ambapo njeo iliyopita inakuwa ya kweli kwake. Hapa ndipo mwanaisimu anapoweza kumfaa tabibu.

4.2 Nafsi ya tatu

Hali kadhalika, nafsi ina kazi yake. Katika hadithi zetu, wanyama hupewa upatanisho wa watu: sungura alisema, fisi akakimbia. Kwa njia hiyo mtoto hupata mtu wa kumbebesha jambo lake. Mtoto anayekataa kusema "mimi niliogopa" husema bila taabu kwamba kiboko mdogo aliogopa mama yake alipozama. Mshauri mzoefu hakimbilii kuuliza, "Je, kiboko huyo ni wewe?" Swali hilo humvua mtoto nguo mbele ya watu. Hubaki ndani ya hadithi na kuuliza: kiboko mdogo alifanyaje? Nani alimsaidia? Mara nyingine mtoto mwenyewe, katika kikao cha tatu au cha kumi, huvuka kutoka "yeye" hadi "mimi". Mara nyingine havuki, na hadithi humtosha.

4.3 Lugha ipi?

Katika Kyela swali hili haliepukiki. Kiswahili ni lugha ya shule ya msingi na ya sokoni. Kinyakyusa ni lugha ya jikoni, ya bibi na ya kilio. Kinyakyusa nacho kina umbo lake maalumu la kitenzi kwa ajili ya masimulizi, kama alivyoonyesha Bastian Persohn katika uchunguzi wake wa kitenzi cha lugha hiyo wa mwaka 2017. Hoja yetu ya njeo kwa hiyo haikihusu Kiswahili peke yake. Mtoto akizungumza Kiswahili na mgeni huelekea kujibu kama anavyomjibu mwalimu: kwa ufupi, kwa usahihi na kwa tahadhari. Kwa upande mwingine, kwa baadhi ya watoto umbali huo ni nafuu, kwani lugha ya shule haiumi kama lugha ya nyumbani. Kanuni tunayoipendekeza ni nyepesi: mtoto achague, na aruhusiwe kuchanganya. Mahali anapobadili lugha mara nyingi ni mahali pa kusikiliza kwa makini.

5.0 Nyenzo, Mipaka na Hatari

5.1 Nyenzo za mahali

Tiba ya ubunifu haihitaji makasha ya vinyago kutoka ng'ambo. Upande wa mashariki wa mwambao huu, kwenye miguu ya Milima ya Livingstone, wanawake wa Kikisi wa Ikombe hufinyanga vyungu vyepesi na imara kwa mikono bila gurudumu, na huvipeleka kwa mitumbwi hadi soko la Lyulilo karibu na Matema. Udongo wa mfinyanzi una sifa ambayo karatasi haina: kabla haujachomwa, kosa lolote hurekebishika. Mtoto huweza kumfinyanga mamba, akamponda, akamfinyanga tena akiwa mdogo. Kwa mtoto ambaye jambo kubwa limetendeka kwake bila hiari yake, kuwa na kitu kinachotii vidole vyake si mchezo mdogo. Aidha, mfinyanzi wa kijiji akialikwa kufundisha, mtoto hupata pamoja na udongo mtu mzima asiyemuuliza maswali.

Vivyo hivyo kuna mchanga wa ufukweni, wanasesere wa matambara, magari ya waya, mdako, kombolela, na ule mchezo wa baba na mama ambao kila mtoto anaujua. Mchezo huo ni jukwaa tayari. Mtoto anayempa "mama" wa mchezo ugonjwa, akamuuguza, akamzika kwa majani ya mgomba, asizuiwe kwa kuambiwa kwamba analeta mkosi. Anafanya walichofanya wazee wake katika ibada: anaigiza jambo la kutisha kwa kipimo chake. Inapofaa, maigizo ya kikundi huweza kukuzwa kwa mbinu za sanaa shirikishi ambazo Penina Mlama alizieleza katika kitabu chake cha mwaka 1991, na ambazo tangu mwaka 1996 zilitumiwa katika mradi wa Tuseme kuwawezesha wasichana wa shule za sekondari kuyasema matatizo yao kwa njia ya maigizo.

5.2 Alama ya vema

Kikwazo cha kwanza kinatoka shuleni. Mtoto wetu amezoea kwamba kuchora ni zoezi, na zoezi husahihishwa. Akimaliza humletea mshauri karatasi na kusubiri vema. Mshauri akisema "mchoro mzuri sana", amekwisha kutoa maksi, na mchoro unaofuata utakuwa wa kumpendeza yeye: nyumba, bendera na jua linalocheka. Afadhali aseme, "Niambie habari za hapa," akionyesha sehemu ya mchoro, kisha anyamaze.

5.3 Tafsiri za haraka

Kikwazo cha pili ni mshauri anayejua mno. Amesoma kwamba rangi nyeusi ni huzuni na kwamba nyumba isiyo na mlango ni upweke. Lakini huenda mtoto alichora kwa mkaa kwa sababu penseli za rangi zilikuwa zimechukuliwa na wenzake, na nyumba ile ameichora kwa upande wa nyuma, ambako kuna jiko. Maana ya mchoro haimo katika kamusi ya alama. Imo kwa mchoraji, na huulizwa kwake. Mwanafasihi anayejua hatari ya kulazimisha ishara katika shairi atalielewa hili upesi.

5.4 Siri na madhara

Kikwazo cha tatu ndicho kizito kuliko vyote. Michoro ya watoto waliofiwa huvutia wafadhili, na ni rahisi ikatundikwa ukutani au kuchapishwa katika taarifa ya mwaka pamoja na jina la mtoto. Kazi iliyofanywa katika tiba ni mali ya mtoto na ni siri yake. Kuionyesha bila ridhaa yake na ya mlezi wake ni kumnyamazisha kwa mara ya tatu, kwani mwaka unaofuata hatachora tena jambo la kweli.

Aidha, sanaa hufungua mlango. Asiyejua kuufunga asiufungue. Kikao kiwe na mwanzo na mwisho unaojulikana, wimbo wa kufungulia na wa kufungia, na muda wa kurudi katika hali ya kawaida kabla mtoto hajaenda nyumbani. Mtoto anayesema anataka kufa, anayejiumiza, asiyekula wala kulala kwa muda mrefu, au anayeonyesha dalili za kutendewa ukatili, hahitaji udongo peke yake. Mwalimu au mlezi ana wajibu wa kumfikisha hospitalini au kwa ofisa wa ustawi wa jamii, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto huyo haki ya kulindwa.

6.0 Hitimisho

Katika makala haya tumeonyesha kwamba shughuli za ubunifu si pambo la tiba ya mtoto bali ni lugha yake. Tumeona kwamba wazee wa mwambao wa kaskazini wa Ziwa Nyasa walijua, kwa namna yao, kwamba huzuni isiyopewa umbo humgeukia mwenye nayo, na kwamba umbo hilo hutolewa mbele ya watu na kukomeshwa kwa wakati wake. Majaribio ya Kagera, Uganda, Zimbabwe, Moshi na Bungoma yanatupa mbinu za kumjengea mtoto umbo la kimo chake, na yanatuonya kwamba mbinu haihamishiki kama mzigo.

Kwa wanafunzi wa uzamili wa Kiswahili na wa lugha nyingine za Tanzania, hapa pana uwanja ambao bado haujalimwa. Watoto husimuliaje msiba katika Kiswahili, na husimuliaje katika lugha ya nyumbani? Hubadili njeo wapi, na nafsi wapi? Ni semi zipi za huzuni anazozielewa mtoto wa miaka saba, na zipi zinazomtisha? Majibu ya maswali hayo yangemfaa mwalimu wa Ipinda au Matema kuliko mwongozo uliotafsiriwa kutoka lugha nyingine.

Kwa sasa, hata kabla ya utafiti huo, kuna jambo ambalo kila mtu mzima anaweza kulifanya. Mtoto aliyefiwa asiambiwe kwamba mama amesafiri. Aambiwe kwamba mama amefariki, kwamba hakufa kwa kosa lake, na kwamba yuko mtu atakayekaa naye. Kisha apewe udongo, au kamba, au hadithi, na mtu huyo aketi chini karibu naye, asubiri.